Shahidi Mwenye Jina Moja

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya chuma na wa nne wa matofali, na limekaa mbele ya duka la kahawa la Kiria Stamatia, yaani Bibi Stamatia kwa Kigiriki, kwenye kiuwanja kidogo nyuma ya bandari ya Volos, Ugiriki. Manispaa ilishataka kuling'oa mara mbili, na mara zote mbili mzee mmoja aitwaye Jenerali alilikalia mpaka wafanyakazi wakashikwa na njaa wakaenda zao. Ijumaa hiyo lilijaa Waalbania wa mji huu tangu saa mbili asubuhi, maana ubalozi mdogo wa Albania ulikuwa umekuja mjini. Volos hakuna ubalozi mdogo. Wenyewe huja mara moja kila baada ya miezi mitatu ndani ya gari moja jeupe: konseli, dereva wake, kompyuta moja, na mihuri iliyofungiwa ndani ya kopo la biskuti. Hukodi ukumbi wa kufundishia dansi ulio ng'ambo ya kiuwanja, huhudumia watu kwa namba, na ikigonga saa nane mchana hufunga kopo na kuondoka. Ukikosa leo, utaonana nao msimu mwingine.

Mwenye shida kubwa siku hiyo alikuwa Marumaru. Jina hilo alipewa na benchi, kwa sababu nusu ya mabafu ya mji huu vigae vyake ametandika yeye. Mkononi alikuwa ameshika kikaratasi chenye namba arobaini na saba, na alishakikunja na kukikunjua mpaka namba ikaanza kufutika.

Binti yake, Mirela, alikuwa anaolewa Jumapili ya wiki mbili zijazo. Huku kabla ya kufunga ndoa lazima tangazo litoke gazetini, na ndani yake yawemo majina ya wazazi. Gazeti la mji hupokea matangazo mpaka saa tisa ya Ijumaa, basi. Likikosa Ijumaa hii, Jumapili ile hakuna ndoa, na ndugu wa Albania walishakodi basi zima. Mirela alikuwa amekwenda manispaa kuchukua karatasi za mwisho, na karani, kijana mpole, akamwambia huku anaona aibu kwamba kuna tatizo. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema baba yake ni Dimitris. Cheti cha ndoa cha wazazi wake, kilichotoka Albania, kinasema mume ni Dashamir. Kwa mujibu wa makaratasi, mama yake aliolewa na mtu mmoja, akamzaa yeye na mtu mwingine.

— Mkeo amesemaje? — akauliza Profesa. Huyu zamani alifundisha jiografia huko kwao, na hapa Volos alikuwa akisafisha ngazi za maghorofa mpaka alipostaafu.

— Amecheka mpaka akakaa sakafuni, — akasema Marumaru. — Ananiambia, kama nina waume wawili, mbona takataka namwaga mimi kila siku?

— Hapo amesema kweli, — akadakia Redio.

Redio ni Lirije, mpishi katika nyumba ya wazee, mwanamke pekee wa benchi lile. Ukitaka jambo lifike mji mzima kabla ya adhuhuri, mwambie yeye kwamba ni siri. Alikuwa amekuja na sinia la byrek, ile sambusa kubwa ya kwao ya jibini, bado ya moto, akaiweka katikati ya benchi ili kila mtu ajue kikao kimefunguliwa.

— Sasa hao ndani wanataka nini kwako? — akauliza.

— Cheti kimoja tu. Kwamba Dashamir Kola na Dimitris Kolas ni mtu mmoja. Nipeleke na mashahidi wawili wanaonijua kwa majina yote mawili.

— Mashahidi si sisi hapa! — akasema Jenerali, akijipiga kifua.

Jenerali jeshini hakupita ukoplo, na utumishi wake wote aliumaliza ndani ya handaki la zege, akilinda ufuko ambao hakuna adui aliyewahi kuutamani. Lakini ukimsikia akizungumza utadhani alikuwa na ramani ya dunia mfukoni.

— Mnajua lakini kazi ya ubalozi mdogo? — akaendelea, akapunguza sauti. — Vyeti ni danganya toto. Kazi yao ni kutuhesabu.

— Wakuhesabu wewe ili wapate nini? — akauliza Redio. — Magoti mabovu mawili?

— Cheka tu. Kila anayeingia mle wanamwandika. Jina, anwani, simu. Siku kikinuka, wanajua nani yuko wapi.

— Kikinuka nini?

— Ningekwambia ingekuwa siri tena?

— Acha masihara, — akasema Profesa, akajifuta makombo ya byrek kwenye masharubu. — Ubalozi mdogo ni suala la ardhi. Popote mhuri wa taifa ulipo kazini, hapo ni nchi yenu. Kwa hiyo leo, tangu saa mbili mpaka saa nane, ukumbi ule wa dansi ni Albania. Mlangoni mpaka kwenye vile vioo vya ukutani. Ukikanyaga kizingiti, umevuka mpaka.

— Wewe! — akasema Redio. — Mimi mpaka niliuvuka kwa miguu siku tatu, theluji inanifika magotini, kiatu kimoja nimekiacha mlimani. Leo unaniambia ningevuka kwa kuingia kwenye dansi?

— Sheria ni sheria. Ndani mle Marumaru ni Dashamir. Akitoka, ni Dimitri.

— Na akisimama katikati ya mlango?

Profesa alifikiri kidogo.

— Katikati ya mlango ni suala la Umoja wa Mataifa.

Marumaru alicheka. Alitazama ng'ambo. Foleni ilikuwa imetoka nje ya ukumbi na kuzunguka kona: mama wenye watoto wa kuandikisha, vijana wa pasipoti, mzee mmoja aliyevaa suti ya harusi yake ili apigwe picha. Dereva wa konseli, ambaye pia ni bawabu na mpiga picha, alitoka mlangoni akaita namba kumi na tisa.

Kosa lilikuwa lao wenyewe, hilo alilijua. Mwaka walipoingia nchi hii, mnyapara wa kwanza aliwapanga saba mbele ya mchanganyiko wa saruji akawauliza majina. Dashamir, akasema yeye. Mnyapara akasema: nani? Dashamir. Nani? Akamtazama, akatazama saa yake, akasema: wewe Dimitri. Wa pili naye akawa Dimitri. Mpaka jioni walikuwa na Dimitri wanne: Dimitri Mrefu, Dimitri Masikio, Dimitri wa Pili na yeye. Jenerali, ambaye kwao ni Hysni, alikataa kupewa jina na mtu. Akalisoma mwenyewe kwenye bango la duka la misumari: Takis. Profesa Muharrem akawa Makis, na Lirije akawa Eleni. Hakuna aliyelazimishwa kwa fimbo. Ukiitwa Dimitri kazi unapata, nyumba ya kupanga unapata, na watoto wa jirani hawakutupii neno. Ilikuwa rahisi kama kuvaa koti la mwenzako wakati wa baridi, ukisema nitalirudisha kukipambazuka. Mirela alipozaliwa, muuguzi aliuliza jina la baba, na yeye akasema Dimitris, kama Dimitri linavyoandikwa rasmi, bila hata kupepesa jicho.

— Mimi nimepata dawa, — akasema Jenerali. — Tumuue Dimitri.

— Astaghafiru! — akasema Redio. — Huyu hapa anakula byrek yangu!

— Kwenye karatasi, mama, kwenye karatasi. Tunakwenda kwa konseli tunalia. Dimitri Kolas alianguka kutoka ghorofa ya tatu, mwaka tisini na saba, mtu mzuri, Mungu amweke pema. Mirela kabaki yatima. Ndipo Dashamir, kwa roho yake nzuri, akamlea. Konseli anatoa machozi, anapiga mhuri, kwisha habari.

— Bima yangu yote iko kwa jina la Dimitri! — akapiga kelele Marumaru. — Ukimuua yeye, mimi hata dawa ya kikohozi sipewi.

— Basi asife. Apotee baharini.

— Mke wangu atakaa eda ya nani?

— Nyote mmechemsha, — akasema Profesa. — Suluhisho ni la kisheria. Dimitri ampe Dashamir uwakala wa kuwa baba. Wanakaa meza moja mbele ya konseli, mmoja anasaini hapa, mwingine anasaini pale.

— Kwa mkono upi?

— Mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto. Na wasitazamane.

— Na wakigombana? — akauliza Redio. — Mimi namjua huyu, asubuhi hata yeye mwenyewe hajisemeshi.

Benchi zima likacheka mpaka matofali ya mguu wa nne yakatikisika. Kiria Stamatia alitoka na duru ya pili ya kahawa, vikombe vidogo vyenye povu juu na machicha chini, kila kimoja na glasi yake ya maji. Mwanamke mwembamba, umri wake sabini na ushei, aproni ya buluu haijawahi kumtoka. Kialbania hakujua, nao wakizungumza Kialbania yeye alipita katikati yao kama mtu anayepita kwenye mvua nyepesi. Aliweka vikombe, akaokota vitupu, akarudi ndani kupitia kile kibanda cha kioo cha pembeni ambacho zamani kilikuwa cha simu na siku hizi huweka mifuko ya sukari.

Saa sita na nusu dereva aliita arobaini na saba.

Walikwenda watatu, Marumaru katikati, Jenerali na Profesa huku na huku. Kwenye kizingiti Profesa alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini, karibuni nyumbani. Jenerali alipiga saluti kwa vioo.

Konseli alikuwa mama mfupi wa makamo, Bi Teuta, mwenye miwani mbili: moja puani, nyingine kichwani. Alikaa nyuma ya meza ya kukunja, kopo la biskuti karibu na kiwiko. Alimsikiliza Marumaru mpaka mwisho, hakumkatisha, wala hakucheka penye kuchekesha, na hilo peke yake lilimpa Marumaru moyo.

— Hili ni jambo dogo, mjomba, — akasema. — Kazi yangu nusu ni hii. Dakika tano. Mashahidi wako ni hawa? Nipeni pasipoti na kadi zenu za bima.

Wakatoa. Bi Teuta alizipanga mezani mbili mbili. Akazitazama. Akashusha ile miwani ya kichwani akazitazama tena.

— Pasipoti inasema Hysni. Kadi inasema Takis.

— Ndiye mimi, — akasema Jenerali.

— Nani anashuhudia kwamba Hysni ndiye Takis?

— Huyu. Profesa.

— Profesa hapa ni Muharrem, na hapa ni Makis. Nani anashuhudia kwamba Muharrem ndiye Makis?

— Huyu hapa, — akasema Profesa, akimwonyesha Marumaru. — Tumeishi chumba kimoja miaka minne. Hata anavyokoroma naweza kushuhudia.

— Na huyu nani anamshuhudia?

— Sisi.

Dereva alianza kucheka, konseli akamtazama, akaacha.

— Wazee wangu, — akasema Bi Teuta polepole. — Nikiandika hivi, mtu atakayesoma atadhani nimelewa. Hysni anamshika Profesa, Profesa anamshika mjomba, mjomba anamshika Hysni, na hakuna aliyesimama chini. Shahidi mmoja nitawasamehe. Lakini huyo mmoja nataka jina lake liwe moja.

— Mmoja wapi?

— Yeyote. Mwalbania, Mgiriki, Mchina. Mtu mmoja tu wa mji huu ambaye jina lake ni moja kila mahali, na anakujua wewe kuwa Dashamir na kuwa Dimitri. Mlete kabla ya saa nane, mimi nitakaa hapa na kopo wazi.

Wakarudi kwenye benchi wakiwa wamenywea. Ilikuwa saa saba.

— Eti ni jambo dogo, — akasema Jenerali.

— Redio, — akasema Profesa, — wewe unajua watu wote. Nani hakubadilisha jina?

Redio alihesabu kwa vidole. Arben wa gereji, huyo ndiye Dimitri Masikio. Fatbardha mshonaji, Fotini. Wale ndugu watatu wa machungwa, wote Yorgos, hata hawakujisumbua kugawana. Mchungaji wa mbuzi kule mlimani alikuwa hakubadilisha, lakini amehamia Ujerumani. Vidole vikaisha vya mkono wa pili.

— Watoto wetu basi? — akauliza Jenerali.

— Watoto wanamjua kama baba Mirela tu. Na ni ndugu au kama ndugu. Konseli atakataa.

— Wagiriki, — akasema Profesa. — Wagiriki wana jina moja moja.

— Haya, subiri, — akasema Jenerali, akasimama, akaweka viganja mdomoni. Ng'ambo, mbele ya kinyozi, Pandelis alikuwa anafagia nywele. — Bwana Pandelis! Unamjua Dashamir?

— Nani?

— Dashamir!

Pandelis aliegemea ufagio, akafikiri kwa nia njema.

— Anacheza timu gani?

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Marumaru alitazama mikono yake. Amenyolewa na Pandelis miaka ishirini na mitano. Amemtandikia vigae bure mbele ya beseni la kuoshea nywele. Pandelis alijua ana kovu nyuma ya sikio na kwamba hapendi nywele fupi pembeni, lakini Dashamir hakuwahi kumsikia. Akaona uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa juu ya Pandelis. Benchi lilimwita Marumaru. Kazini ni Dimitri. Mkewe alimwita wewe. Mtu aliyemwita Dashamir, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aje kula, alikuwa mama yake, na mama yake alizikwa majira ya baridi yaliyopita. Tangu hapo jina lile lilikuwa linalala ndani ya pasipoti.

— Saa saba na robo, — akasema Redio kwa upole.

— Tumwombe konseli aongeze muda, — akasema Profesa.

— Ana safari ya kwenda mji mwingine. Watu wanamsubiri huko.

— Tumnyweshe dereva mpaka alale, — akasema Jenerali, lakini hata yeye hakuwa na imani na wazo hilo.

Kiria Stamatia alitoka na duru ya tatu. Akasimama na sinia mkononi. Hakuwa amewahi kuliona benchi lile limenyamaza, hata siku za mazishi.

— Nani kafa? — akauliza.

— Hajafa mtu, Kiria, — akajibu Marumaru kwa Kigiriki. — Tulitaka kumuua mmoja, tukaghairi.

Akamweleza. Alieleza kwa ufupi, maana alikuwa amechoka kulieleza: binti, tangazo, vyeti viwili, shahidi mwenye jina moja. Kiria Stamatia alisikiliza huku anapanga vikombe, kila kikombe mbele ya mwenyewe, cha Profesa chenye sukari, cha Jenerali kikavu.

— Sasa tatizo ni nini? — akauliza. — Mimi si nipo?

— Kiria, Mungu akubariki, lakini lazima uwe unanijua kwa majina yote mawili. Wewe unamjua Dimitri tu.

Kiria Stamatia aliweka sinia juu ya meza.

— Dashamir, — akasema.

Alilitamka sawasawa, likiwa limetimia, kama lilivyotamkwa jikoni kwao. Redio alishika mdomo. Profesa alimwaga kahawa yake kwenye suruali na hakujifuta.

— Umelijulia wapi? — akauliza Marumaru.

— Nimelijulia wapi? Kwenye simu yangu! — Akageuka akakionyesha kile kibanda cha kioo chenye sukari. — Kila Jumapili saa kumi na moja, miaka minane. Mlikuwa mnajipanga hapa mpaka barabarani. Mlango wa kibanda haukufungika vizuri, na hata ungefungika. Wewe ulikuwa unapiga kelele kana kwamba unataka mama akusikie bila waya. Alo, mama! Dashamir! Dashamir, mama! Mimi nikiwa napika kahawa ya watu, nasema moyoni, haya, leo mama yake hamsikii vizuri.

Aliigiza sauti yenyewe, ya kijana mwembamba mwenye haraka, na Marumaru akaisikia akakitambua kile kibanda, harufu yake ya sigara, na kadi ya simu ikiyeyuka dakika kwa dakika.

— Na wewe, — Kiria Stamatia akamgeukia Jenerali, — ulikuwa Hysni. Ulilia sana.

— Sikulia, Kiria. Ilikuwa mafua.

— Mafua ya miaka minane?

— Volos kuna unyevu.

— Lakini Kiria, — akasema Marumaru, — miaka yote hii. Mbona hukuniita hata siku moja?

Mama yule alishangaa kweli.

— Mlikuja hapa mkaniambia wenyewe: mimi Dimitri, mimi Takis, mimi Makis. Mtu akikupa jina lake unalitumia. Lile jingine nililisikia bila kupewa. Niliona ni la mama yako.

Redio alianza kulia waziwazi, kisha akakumbuka saa.

— Saa nane kasoro dakika ishirini! — akapiga kelele. — Kiria, vua aproni!

— Siivui. Nina moto jikoni.

Wakavuka kiuwanja wote wanne na Kiria Stamatia mbele, na aproni yake, na foleni ikampisha kana kwamba yeye ndiye balozi. Kwenye kizingiti Profesa alitaka kumweleza kwamba sasa anaingia Albania, Kiria akamwambia angoje, aeleze baadaye. Bi Teuta aliomba kitambulisho, akakigeuza huku na huku.

— Jina lako ni Stamatia. Una jingine?

— La nini? — akasema Kiria. — Hili lenyewe lilikuwa la bibi yangu.

Kisha akasimulia kuhusu simu, kwa Kigiriki, na konseli akaandika kwa Kialbania. Alipofika kwenye Alo, mama, Bi Teuta aliacha kuandika, akavua miwani ya puani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akafungua kopo la biskuti, akachagua mhuri mkubwa, akaupulizia pumzi, akaupiga. Mtu wa foleni aliyekuwa karibu alinong'ona kwa mwenziwe, mwenziwe akanong'ona kwa mwingine, na kabla karatasi haijakauka nyuma ya Kiria Stamatia kulikuwa na watu tisa, kila mmoja na kadi mbili mkononi.

— Kiria, mimi ulinisikia? Jumapili, baada ya huyu!

— Nilikusikia. Wewe ulikuwa na mchumba uliyemdanganya.

— Namba, namba! — akapiga kelele dereva. — Hatutoki leo!

Konseli alitazama saa, akatazama lile kundi, akasukuma kiti kwa mguu.

— Keti, mama, — akamwambia Kiria Stamatia. — Wa huko watanisamehe nusu saa. Takis, au Hysni, sogea wewe kwanza.

Marumaru alitoka nje, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Mirela alikuwa ameshafika kwa pikipiki, kofia ya chuma bado kichwani, fomu ya gazeti ameikunja kwenye mkanda. Alisoma cheti mara moja, akambusu baba yake shavuni, akakaa ukingoni mwa benchi. Mmoja mmoja wengine wakarudi, wakiwa na furaha na kelele, Jenerali akieleza jinsi alivyomwongoza konseli tangu mwanzo. Kiria Stamatia alirudi wa mwisho, akikimbilia moto wake jikoni.

— Baba, haraka, gazeti linafunga, — akasema Mirela. — Nimejaza yote, imebaki sehemu moja. Jina la baba. Wanataka moja, nafasi ni ndogo. Sasa kwa kuwa yote ni yako, niandike lipi?

Jenerali aliinama kufunga kamba ya kiatu. Profesa, aliyekuwa na sheria ya kila jambo, alichungulia machicha ndani ya kikombe. Redio alijishughulisha na sinia tupu.

Marumaru aliitazama fomu. Dimitri ndiye aliyembeba mtoto huyu mabegani mpaka shule ya chekechea, Dimitri ndiye walimu waliyemwita kumsifu, na mikono iliyopasuka kwa saruji ilikuwa ya Dimitri. Angemfutaje? Na huyo mwingine, ambaye amekaa miaka yote hiyo ndani ya kibanda cha simu akimwambia mama yake kwamba hajambo, angemwacha humo mpaka lini?

— Baba?

— Ngoja, mwanangu. Ngoja kidogo.

— Saa tisa kasoro robo, baba.

Mlango wa duka ulifunguka. Kiria Stamatia alitokeza kichwa, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, na akaita kwa ile sauti ya kumwita mtu aje kabla chakula hakijaharibika:

— Dashamir! Kahawa yako inapoa!

Marumaru akageuka kabla hajajua amegeuka. Pandelis naye, ng'ambo, aliacha kufagia akatazama ni nani anayeitwa, akamwona, akainua ufagio kumsalimu.

— Naam, Kiria, — akasema Dashamir. — Nakuja.

Mirela alikuwa ameshatoa kalamu. Meza ilikuwa imejaa vikombe, basi akaiweka fomu mgongoni mwa Jenerali na kuliandika jina hilo kwa herufi kubwa kubwa, na Jenerali akakaa kimya, akashika hata pumzi, mpaka alipomaliza.